Programu-jalizi Inapokataa Kufanya Kazi: Takwimu, Tarakilishi na Mtafiti wa Lugha Kule Chaani

Utangulizi

Miongoni mwa matatizo yanayomkabili mwanafunzi wa Kiswahili anapofikia hatua ya kuchanganua data yake, lipo moja ambalo vitabu vyetu vya mbinu za utafiti havilitaji. Mwanafunzi amekwisha kwenda nyanjani, amehoji, amerekodi na kunukuu, na majedwali yake yamejaa. Ameifungua programu ya takwimu aliyoelekezwa na msimamizi wake, akaiongezea programu-jalizi inayohitajika kwa aina ya uchanganuzi aliouahidi katika pendekezo lake la utafiti, akabonyeza, na hapana kilichotokea. Au yametokea maandishi mekundu, kwa Kiingereza, yasiyofanana na Kiingereza chochote alichofundishwa. Hapo ndipo wengi hukata tamaa, wakairudia asilimia waliyoizoea tangu shule ya upili, au wakamkabidhi kazi mtu wa saiba awafanyie kwa malipo.

Makala haya yananuia kueleza ni kwa nini jambo hilo hutokea, jinsi ya kulitambua chanzo chake, na kwa nini mwanaisimu hana budi kulishughulikia yeye mwenyewe. Mfano tutakaoutumia ni wa utafiti wa lugha katika mtaa wa Chaani, Mombasa Bara. Ni mfano wa kubuni, na tarakimu zake ni za kielelezo tu. Matatizo ya programu yatakayoelezwa, hata hivyo, ni ya kweli na yamewakuta watafiti wengi duniani.

Kwanza neno lenyewe. Programu-jalizi ni kijiprogramu kisichoweza kusimama peke yake. Hukaa ndani ya programu kubwa na kuiongezea uwezo ambao haikuwa nao. Neno limetokana na kitenzi jaliza, yaani kujaza hata pakajaa. Wapo wanaosema kiongezi au nyongeza, na hatuna ugomvi nao. Kazi ya kuipa tarakilishi msamiati wa Kiswahili ilipata msukumo mkubwa mwaka 2004, wakati wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipotoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Lakini programu za takwimu hazikufikiwa na wimbi hilo. SPSS, R na nyinginezo zinaendelea kumzungumzia mwanafunzi wetu kwa Kiingereza, hasa pale zinapokuwa na habari mbaya.

Chaani na swali la mtele

Chaani ni mojawapo ya wadi tano za eneo bunge la Changamwe. Nyingine ni Port Reitz, Kipevu, Airport na Changamwe yenyewe. Jina Changamwe ni kongwe: Wachangamwe ni mojawapo ya mataifa matatu, Thelatha Taifa, ambayo pamoja na yale tisa huunda Thenashara Taifa za Waswahili wa Mombasa. Hata hivyo, watu wengi wanaoishi Chaani leo walifika wao au wazazi wao kwa ajili ya kazi: bandarini Kilindini, katika reli, katika ghala za makasha, na katika kiwanda cha kusafishia mafuta cha Changamwe kilichoanza kazi mwaka 1963 na kukoma kusafisha mafuta mwaka 2013. Kwa hiyo katika ua mmoja utasikia Kiswahili cha Mmijikenda, cha Mkamba, cha Mluo na cha Mtaita, na pengine cha mzee aliyezaliwa Mji wa Kale akahamia bara.

Mahali kama hapo ni hazina kwa mwanaisimujamii. Tuchukulie kwamba mwanafunzi anataka kujua kama Kimvita kinaendelea kusikika Chaani. Anachagua kipengele kimoja kilicho wazi: sauti t ya Kimvita inayolingana na ch ya Kiswahili sanifu katika maneno kama mtele kwa mchele, kuteka kwa kucheka, mtanga kwa mchanga. Swali hili lina historia. Mkutano wa mwaka 1928 uliokichagua Kiunguja kuwa msingi wa lugha sanifu, na kukiacha Kimvita, ulifanyika Mombasa kwenyewe. Mtu atakayeandika kwamba Kimvita kimekufa Chaani, au kwamba kingali hai vinywani mwa wazee, atakuwa anasema jambo zito, na watakaosoma watalinukuu.

Mwanafunzi wetu anawahoji watu 40: wazee 20 na vijana 20. Kutoka kwa kila mmoja anapata mifano 30 ya maneno yenye kipengele hicho. Jumla ni mifano 1,200. Anakuta kwamba vijana wametumia t mara 30 kati ya mifano yao 600, yaani asilimia 5. Wazee wametumia t mara 116 kati ya 600, yaani zaidi ya asilimia 19. Anafanya jaribio la kai-mraba, ambalo halihitaji programu-jalizi yoyote, na linamtolea thamani inayokaribia 58, hali kizingiti cha kawaida kwa jedwali la mbili kwa mbili ni 3.84. Furaha iliyoje! Tofauti ya vizazi imethibitika.

Tatizo ni kwamba haijathibitika. Akirudi kwenye madaftari yake ataona kwamba kati ya zile 116, mifano 90 imetoka kwa wazee watatu tu, ambao husema t kila mara kwa sababu walilelewa Mji wa Kale. Wazee 17 waliobaki wametumia t mara 26 kati ya mifano 510, takriban asilimia 5, sawasawa na vijana. Jaribio la kai-mraba huchukulia kwamba kila mfano ni shahidi anayejitegemea. Lakini mifano 30 ya mzee mmoja si mashahidi 30. Ni shahidi mmoja aliyerudia maneno yake. Ukihesabu watu badala ya mifano, unao wazee 3 kati ya 20 na vijana 0 kati ya 20, na jaribio la Fisher hutoa uwezekano wa takriban 0.23, ambao uko juu mno ya 0.05 tuliyoizoea. Kilichoonekana kama umri huenda ni mahali pa malezi.

Ndiyo maana wanaisimujamii walijitengenezea zana zao. Henrietta Cedergren na David Sankoff walichapisha mwaka 1974 mbinu ya kanuni geu, na programu za ukoo wa VARBRUL na baadaye GoldVarb zikaitekeleza. Hizo nazo hazikuweza kumtenga mzungumzaji mmoja mmoja na kundi lake. Mwaka 2009 Daniel Ezra Johnson alitoa Rbrul, inayofanya kazi ndani ya R, ili upungufu huo uondolewe kwa kutumia modeli mseto, yaani modeli inayompa kila mhojiwa nafasi yake kabla ya kulihukumu kundi lake. Katika R modeli hizo hutekelezwa hasa na pakiti iitwayo lme4. Hii ndiyo nyongeza anayoihitaji mwanafunzi wetu wa Chaani. Na hii ndiyo iliyokataa kufanya kazi. Akiiacha na kurudi kwenye kai-mraba, atapata jibu haraka, atapita mtihani pengine, na ataacha nyuma yake madai yasiyo na msingi kuhusu lugha ya mtaa mzima.

Je, imo, na imo wapi?

Chanzo cha kwanza cha kukagua ni kile chepesi kuliko vyote: huenda programu-jalizi haimo. R hutofautisha kuipakua pakiti na kuiita. Amri ya install.packages huileta kutoka mtandaoni na kuiweka katika maktaba. Amri ya library huitoa maktabani na kuiweka mezani. Aliyeiweka jana hana budi kuiita tena leo. Isitoshe, R huzitenga herufi kubwa na ndogo. Pakiti inaitwa Rcmdr. Atakayeandika rcmdr ataambiwa kwamba hakuna kitu kama hicho.

Likija jibu kwamba pakiti haipo ilhali mwanafunzi ana hakika aliiweka, aulize maktaba ni ipi. Tarakilishi za vyuo na za saiba aghalabu hazimruhusu mtumiaji wa kawaida kuandika katika kabrasha kuu la programu, hivyo R humtengenezea maktaba ya binafsi. Katika Windows maktaba hiyo ilikuwa ndani ya kabrasha la nyaraka zake. Tangu toleo 4.2.0 la mwaka 2022 ilihamishiwa mahali pengine pa mtumiaji, pasipoonekana kwa urahisi. Tena maktaba hiyo ni ya kila toleo la R peke yake: aliyekuwa na R 4.2 akapandisha hadi 4.3 ataanza na rafu tupu, na pakiti zake zote zitakuwa zimebaki katika nyumba ya zamani. Amri ya .libPaths, ikiandikwa na mabano yake matupu, humwonyesha mtu R inatafuta wapi.

Zipo pia saiba ambamo tarakilishi husafishwa kila zinapozimwa na kuwashwa upya. Hilo hufanywa kwa nia njema, kuzuia virusi, lakini pakiti iliyowekwa asubuhi haitakuwepo jioni. Dawa yake ni kuweka maktaba katika kidiski cha USB na kuielekeza R huko kwa amri ile ile ya .libPaths. Maktaba ya USB husoma polepole, lakini haimpotei mtu isipokuwa akikisahau kidiski chenyewe.

Jambo lingine linalostahili kutajwa ni umeme. Ukikatika wakati pakiti inawekwa, R huacha nyuma kabrasha lenye jina linaloanza na 00LOCK, na baada ya hapo hukataa kuiweka pakiti hiyo tena, ikidhani kazi ya kwanza haijakwisha. Kulifuta kabrasha hilo, baada ya kuhakikisha kwamba hakuna R nyingine iliyo wazi, kunatosha. Vilevile programu ya kuzuia virusi inaweza kulishika faili kabla R haijamaliza kulihamisha. Ujumbe utasema kwamba imeshindikana kuhamisha uwekaji wa muda. Mara nyingi kujaribu tena tu kunafaulu.

Upatanisho wa matoleo

Hapa ndipo penye kiini cha matatizo mengi, na hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili ana faida asiyoijua. Anajua upatanisho wa kisarufi ni nini. Kitabu kimeanguka ni sentensi. Kitabu imeanguka, ingawa kila neno lake ni sahihi likisimama peke yake, haikubaliki. Programu-jalizi nayo huandikwa ikitarajia viambishi fulani katika programu mama na katika pakiti nyingine inazozitegemea. Viambishi vikibadilika upande mmoja, sentensi nzima inaharibika, hata kama kila sehemu ni nzima.

Mfano halisi ulitokea mwishoni mwa mwaka 2023. Pakiti ya lme4 hutegemea pakiti nyingine iitwayo Matrix, inayofanya hesabu za majedwali makubwa. Matrix ilipofikia toleo 1.6-2, jinsi msimbo wake wa ndani unavyoitwa na pakiti nyingine ilibadilishwa. Watu wengi waliokuwa na lme4 na Matrix za rika tofauti walijikuta hawawezi kuendesha hata modeli ndogo kabisa. R iliwaambia kwamba kitendakazi kiitwacho cholmod_factor_ldetA hakikutolewa na Matrix. Mwanafunzi anayeona jina hilo atadhani amekosea fomula yake, na ataketi usiku kucha akiibadilisha. Fomula haikuwa na kosa. Dawa ilikuwa kuzifunga R zote, kuiweka upya Matrix kwanza, kisha lme4, ili zote mbili ziwe za wakati mmoja. Na hilo lisipofaa, kuijenga lme4 upya kutoka kwenye msimbo wake wa chanzo. Anayetumia Windows atahitaji Rtools kwa kazi hiyo ya pili, na upakuaji wake ni mkubwa. Afadhali aufanye chuoni kuliko kwa bando la simu yake.

Mwaka 2024 likaja la pili la ukoo huo. Matrix 1.7-0 ilihitaji R 4.4.0 au zaidi. Mwenye R ya zamani akiomba pakiti inayoitegemea anaweza kujibiwa kwamba pakiti haipatikani kwa toleo lake. Ujumbe huo, kwa bahati mbaya, ndio ule ule anaopewa aliyekosea tahajia ya jina. Kwa hiyo akague jina kwanza, kisha toleo. Aghalabu njia fupi ni kuipandisha R yenyewe.

Watumiaji wa SPSS wasidhani kwamba wao wamesalimika. SPSS ilianza mwaka 1968 na ikanunuliwa na IBM mwaka 2009. Inayo programu-jalizi inayoiwezesha kuitumia R kwa ndani, na kila toleo la SPSS linadai toleo lake mahususi la R: SPSS 22 inataka R 2.15, SPSS 24 inataka R 3.2, SPSS 25 inataka R 3.3. Si zaidi ya hapo wala si pungufu. Mwanafunzi mwenye bidii anayepakua R mpya kabisa akidhani kipya ndicho bora, ndiye atakayeshindwa. Hapa ushauri wetu wa hapo juu unageuka kichwa chini: badala ya kupandisha, inambidi ateremshe. R za matoleo mbalimbali zinaweza kukaa pamoja katika tarakilishi moja bila kugombana, mradi kila moja ina kabrasha lake. Azingatie pia kwamba programu ya biti 32 haiwezi kubeba jalizi la biti 64. R iliacha kutolewa kwa biti 32 katika Windows tangu toleo 4.2.0.

Kuhusu makro ya PROCESS ya Andrew Hayes, inayopendwa sana na wenzetu wa elimu na saikolojia, neno moja latosha. Faili yake ya sintaksia inapoendeshwa, amri hiyo hupatikana hadi SPSS itakapofungwa, basi. Kesho yake ni lazima iendeshwe tena. Anayetaka ikae katika menyu daima hana budi kuiweka akiwa ameifungua SPSS kwa mamlaka ya msimamizi wa tarakilishi. Na katika Excel, zana za uchanganuzi wa data hazimo kwenye menyu mpaka ziwashwe katika orodha ya viongezi. Katika Excel ya simu usizitafute.

Menyu inaponyamaza

Kosa linalosema ni afadhali kuliko kosa linalonyamaza. Wanafunzi wengi wa lugha hawapendi kuandika amri, na kwa ajili yao John Fox wa Chuo Kikuu cha McMaster aliandika R Commander, dirisha lenye menyu linaloifanya R ifanane na SPSS. Dirisha hilo lina programu-jalizi zake, ambazo majina yake yote huanza na RcmdrPlugin. Huwekwa kama pakiti yoyote, kisha huitwa kwa menyu ya Tools, na R Commander hujifunga na kujifungua upya ikiwa na menyu mpya.

Sasa mwanafunzi ameyafanya yote hayo, na kipengele alichokifuata hakimo katika menyu. Hakuna maandishi mekundu. Hakuna onyo. Sababu yake ni kwamba mwandishi wa jalizi huandaa faili ya menyu ambamo kila kipengele kinaweza kuwekewa masharti mawili. Sharti la kwanza huamua kama kipengele kitaonekana: mara nyingi huuliza kama pakiti fulani inayohitajika imo, na ikiwa haimo kipengele hakiwekwi kabisa. Sharti la pili huamua kama kipengele kilichoonekana kitabonyezeka, au kitakaa katika rangi ya kijivu: huuliza kama kuna data iliyofunguliwa, au kama data hiyo ina vigeu vya kimakundi. Kwa hiyo kutoonekana na kuwa kijivu ni dalili mbili za magonjwa mawili. Asiyeona atafute pakiti iliyokosekana; anayeona kijivu aitazame data yake.

Hilo la pili lina mtego. Hadi R 3.6, mtu akisoma jedwali lenye safu ya maneno, kwa mfano Mzee na Kijana, R iliigeuza safu hiyo kuwa kigeu cha kimakundi bila kuombwa. Kuanzia R 4.0.0 ya Aprili 2020, imeacha kufanya hivyo. Maneno hubaki maneno. Mwenye kufuata mwongozo wa zamani, akaisoma data yake kwa amri ya kawaida kisha akaifungua R Commander, atakuta menyu za kulinganisha makundi zimefifia, na atailaumu jalizi. Aigeuze safu kwa amri ya factor, na menyu zitawaka.

Ng'ombe aliyemeza safu

Kuna aina moja ya tatizo ambayo sijaiona ikitajwa katika mwongozo wowote wa Kiingereza kwa kuwalenga watu wetu, ingawa sisi ndio inaotuhusu zaidi. Ni ritifaa ya ng'.

Amri ya read.table katika R, ikiachwa na mazoea yake, huichukulia alama ya ritifaa kuwa mwanzo wa nukuu, sawa na alama za kufungua na kufunga usemi. Ikikutana na ng'ombe katika safu ya 14, hudhani kwamba nukuu imefunguliwa, na huendelea kumeza kila kitu, pamoja na mipaka ya mistari, mpaka ikutane na ritifaa nyingine, labda katika ng'oa ya safu ya 61. Mistari 47 itakuwa imegeuka neno moja refu. Wakati mwingine R hulalamika kwamba idadi ya vipengele katika mstari hailingani. Wakati mwingine hailalamiki: inakupa jedwali fupi tu, na jalizi la takwimu linapokataa kwa sababu mzungumzaji fulani hana data, unaanza kulikagua jalizi. Aliyerekodi watu 40 na aulize kwanza kama R inawaona 40. Dawa ni kuongeza quote="" katika amri ya kusoma, au kutumia read.csv, ambayo kwa mazoea yake huitambua alama mbili ya nukuu peke yake.

Ndugu wa tatizo hili ni ritifaa iliyopinda. Microsoft Word huipindua ritifaa iliyonyooka ikawa ya mviringo, kwa ajili ya urembo. Aliyenukuu mahojiano yake nusu katika Word na nusu katika Excel atakuwa na ng'ombe wa aina mbili, na programu itawahesabu kama maneno mawili. Katika R ya Windows kabla ya toleo 4.2.0, ambayo haikutumia UTF-8 kwa mazoea, ritifaa iliyopinda ingeweza hata kugeuka alama tatu zisizosomeka. Kabla ya uchanganuzi wowote, badilisha ritifaa zote ziwe zilizonyooka. Kazi hii ni ya dakika mbili.

Wanaoshirikiana na wenzetu wa Bukavu au Bujumbura wakumbuke jambo lingine. Tarakilishi iliyopangwa kwa Kifaransa huandika nusu kama 0,5 na hutenga safu kwa nuktamkato. Faili hiyo ikisomwa kwa read.csv itakuwa safu moja tu, read.csv2 ilitengenezwa kwa ajili yake.

Namna ya kuomba msaada

Msaada upo, lakini hupewa anayejua kuuliza. Mwenye kusema programu yangu haifanyi kazi hatapata jibu, si kwa msimamizi wake wala kwa fundi. Na ashike mambo matatu. Kwanza aunakili ujumbe wa kosa kama ulivyo, bila kuufupisha wala kuutafsiri. Ule mstari wa kwanza ndio wenye maana mara nyingi, kwani inayofuata ni mwangwi tu. Pili aandike amri ya sessionInfo, ikiwa na mabano yake matupu, na kulinakili jibu lake: humo mna toleo la R, mfumo wa tarakilishi, na toleo la kila pakiti iliyo mezani. Tatu ajaribu modeli yake kwa data ndogo inayokuja na pakiti yenyewe. Kwa lme4 ipo iitwayo sleepstudy, ya madereva walionyimwa usingizi. Jalizi likifanya kazi kwa sleepstudy na likakataa kwa Chaani, basi jalizi halina kosa, na mtu arudi kwenye majedwali yake. Likikataa kwa zote mbili, data imesafika jina, na aende kwenye matoleo. Jaribio hili moja hugawa njia mbili, na ningelifanya kabla ya yote niliyoyaeleza hapo juu.

Asiye na mtandao nyumbani anaweza kuziandaa pakiti zake chuoni na kuzibeba. Asibebe lme4 peke yake, kwa maana inategemea Matrix, Rcpp, minqa, nloptr na nyinginezo. Kitendakazi package_dependencies cha pakiti ya tools, kikiambiwa kitafute hadi mwisho wa ukoo, humpa orodha kamili; na download.packages huziweka zote katika kabrasha moja. Ahakikishe tu kwamba R ya chuoni na R ya nyumbani ni za toleo moja.

Baada ya modeli kukubali, lipo la kuandika katika sura ya mbinu za utafiti. Tasnifu nyingi hutosheka na kusema kwamba data ilichanganuliwa kwa SPSS au kwa R. Hilo halimsaidii mtafiti atakayekuja Chaani baada ya miaka kumi kutaka kulinganisha. Aandikiwe toleo la R, toleo la lme4, toleo la Matrix na fomula yenyewe, na jibu la sessionInfo liwekwe katika kiambatisho pamoja na hojaji. Kwa mwanafunzi wetu, fomula ingetaja umri, mahali pa malezi, na nafasi ya kila mhojiwa, na wale wazee watatu wa Mji wa Kale wangeonekana kwa namba zao, si kwa majina yao, kila mmoja akiwa mbali na wenzake 17.